Mzizi Haujaiva

Mtungi wa gesi ulilipuka katika mkahawa wa tambi ulio mkabala na nyumba yetu. Hakuna aliyekufa, lakini tangu siku ile moyo wa mama mkwe wangu, Bi Suhua, haukutulia. Kifuniko cha sufuria kikianguka, anashika kifua. Upepo ukibamiza mlango, anakaa chini palepale, uso umempauka. Usingizi ukampaa.

"Rui," aliniambia, "kuna kitu humu kifuani kinakimbia, na sijui kinamkimbia nani."

Mume wangu alikuwa kiwandani kusini, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mama, na baba mkwe, Mzee Deming, mtu wa maneno mengi na subira kidogo.

Nikampeleka mama kwa Daktari Tao, mganga wa dawa za asili mtaa wa sokoni. Aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, akafumba macho, akahesabu mapigo mpaka nikaanza kuogopa mimi. Kisha akatazama ulimi, akauliza kama miguu humpoa.

"Mshtuko umeukuta moyo umeshachoka," alisema. "Mapigo yanakwenda, yanasita, yanakwenda tena. Huko kusita sikupendi. Nenda hospitali wakakupime kwa mashine."

"Watanilaza. Nipe dawa, daktari."

"Dawa nitakupa. Na hospitali utakwenda."

Alimfungia mbegu za kunazi za kuleta usingizi, mizizi mitamu ya urukususu iliyokaangwa kwa asali, na vipande vya fuzi, ule mzizi mweusi unaolimwa kwetu Jiangyou, wa kuupasha mwili moto. Hapo akanigeukia mimi.

"Fuzi ni sumu mpaka iive. Ichemshe peke yake kwanza, moto mdogo, asubuhi nzima. Maji yawe mengi tangu mwanzo, usije ukaongeza ya baridi. Onja kidogo sana. Ulimi ukichonyota, bado."

Kesho yake nilikibandika chungu cha fuzi mapema, nikamwambia baba asikiguse, narudi sasa hivi kutoka sokoni.

"Nimeanza kula fuzi na nyama ya mbuzi wewe hujazaliwa," alinijibu. "Nenda zako."

Niliporudi, jiko lilikuwa limezimwa. Mama alikuwa mezani na bakuli tupu mkononi.

"Baba! Umeionja?"

"Maji yalikuwa yanakauka, nikaongeza ya bombani. Yakachemka, nikatia na zile dawa nyingine. Mwenzangu anatetemeka, ulitaka nimtazame tu?"

Mama akajigusa mdomo. Akajigusa tena.

"Rui, midomo yangu siisikii."

Nikampigia Daktari Tao, na maneno yalinitoka kinyumenyume, lakini alielewa. "Msimpe kitu kingine chochote. Hospitali, sasa hivi! Na chungu mkichukue, wakaone alichokunywa!"

Tukampakia kwenye bajaji. Baba alikikumbatia chungu. Mimi nilimshika mama mkono, na vidole vyangu, bila kuambiwa, vikaenda pale pale alipopapasa daktari. Chini ya ngozi kulikuwa na fujo: mapigo mawili matatu ya haraka, kimya, kisha moja kubwa kama mtu anayepiga mlango teke.

"Mikono nayo imekufa ganzi," alisema. "Usiniachie, Rui."

"Sikuachii, mama."

Tulipokaribia lango la hospitali, kimya kile kikaja na hakikuondoka. Nikabonyeza, nikasogeza vidole, nikabonyeza tena. Nikapiga kelele ambazo dereva aliniambia baadaye hajawahi kuzisikia.

Wauguzi walimnyakua. "Kanywa nini?" daktari wa zamu akauliza. Baba, mtu wa maneno mengi, alisema moja tu: "Fuzi." Akanyoosha chungu.

Nyuma ya pazia walimbonyeza kifua, wakamshtua kwa umeme, na kila mashine ilipolia baba alijikunyata kana kwamba yeye ndiye anayepigwa.

"Nimemuua," alisema.

Nilikuwa namchukia, na nilikuwa nimemshika mkono.

Daktari alipotoka alikuwa amelowa jasho. Moyo umerudi, alisema, lakini unaweza kuteleza tena wakati wowote. Na kipimo kinaonyesha ulikuwa na hitilafu hata kabla ya huo mzizi. Tukaingia, tukakaa ukutani tukitazama mstari wa kijani kwenye kioo cha mashine, tukiogopa hata kukohoa.

Mama alifumbua macho jioni. Akamgeukia mumewe.

"Deming, mpishi gani wewe?" akanong'ona. Baba akalia kama mtoto.

Sasa mama yuko nyumbani, anameza vidonge vya hospitali. Daktari Tao alikuja mwenyewe akaondoka na fuzi yote; mbegu za kunazi alimruhusu aendelee nazo baada ya kuzungumza na madaktari wa hospitali, na usingizi umeanza kumjia.

Usingizi wangu ndio umekwenda. Mchana akijilaza, nanyata mpaka kitandani nimshike kifundo cha mkono. Mapigo yakisita kidogo tu, nabonyeza tena. Hajui. Au anajua, ananiachia tu mkono wake.