Glasi ya Mlangoni

Radojka alitaka mbao nane za mzinga, zote za upana mmoja. Moja ikizidi hata kwa unene wa ukucha, mfuniko utakaa upande, na nyuki wake walishaanza kuning'inia nje kama ndevu, tayari kuhama. Fundi alikuwa shemeji yake Miloje, mume wa dada yake, mwenye msumeno wa meza na vidole tisa. Cha kumi kilibaki kwenye meza hiyo mwaka jana, baada ya glasi ya tatu.

Lakini kwao fundi hagusi chombo kabla ya glasi ya rakija, pombe kali ya matunda, mlangoni. Kumnyima ni kumtukana, na Miloje aliwahi kugeuza gari kwa jambo dogo kuliko hilo.

Basi Radojka akajaza maji ya kisima kwenye chupa ya rakija ya plamu, akaifuta vizuri, akaipiga kizibo. Akamimina glasi mbili, ya pili ikiwa ya jirani Sreten, aliyekuja kusaidia kupokea mbao zikikatwa.

Sreten alimeza kwanza, asionje ukali wowote. Lakini kusema hivyo ni kukiri kuwa koo limezeeka.

"Inachoma," akasema, akakohoa kidogo.

Miloje akameza. Akamtazama Sreten, kisha shemeji yake. "Ya mwaka gani hii?"

"Wa mvua nyingi, shemeji."

"Nimehisi."

Wakanywa tatu tatu, ndipo Miloje akaenda kwenye meza ya msumeno, aliyoishusha garini uani. Akalisogeza bao la kuongozea mbao zikatwe upana mmoja, akalipima mbele na nyuma, akashusha meno ya msumeno yakabaki yanachungulia tu juu ya ubao.

"Sreten, usivute, pokea tu. Na kaa pembeni. Ubao ukirushwa nyuma, na mimi hautanikuta hapo."

Mwisho wa kila ubao alisukuma kwa kijiti, kile kile alichokicheka mwaka jana kuwa ni cha mabibi.

Radojka alipanga mbao nane, akapitisha kiganja juu yake. Hakugusa hata ukingo mmoja uliojitokeza. Sreten alikuwa ameegemea ukuta, anaimba.

Miloje akazima mashine, akangoja meno yasimame kabisa, akainua mikono. "Hesabu, shemeji."

"Tisa."

"Basi kazi imekwisha. Niletee ile ya kweli, iliyo nyuma ya gunia la unga. Sreten mwongezee hii hii, inampanda vizuri."