Fremu ya Gari la Mkunga

Nyundo ilipiga mara mbili ikalia ngo, ngo, kama chuma kizima kinavyolia. Mara ya tatu ikatoa mlio butu, kisha ikazama. Rula akabaki amelala chali chini ya fremu ya gari, mkono bado umeshika mpini, vumbi jekundu la kutu likimmwagikia machoni na mdomoni. Akatema. Maneno yaliyomjia hayakuwa ya kusemwa mbele ya dada yake mkubwa.

"Nini tena?" dada akauliza. Alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele kwenye sinia.

"Hapa napo pameoza."

"Hapo wapi?"

"Wewe niulize ni wapi hapajaoza, tutamaliza mapema."

Dada akapuliza makapi, akaendelea kuchambua. Mwanamke huyo alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo alipanda na kushuka milima kwa gari hilo hilo, mara nyingine na mama mwenye uchungu amelala nyuma, mguu mmoja nje ya dirisha. Alipostaafu, zahanati ikamwachia gari kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Kisha wanawake wa kijiji cha juu kabisa wakamtumia ujumbe: hawana mkunga, wamemsafishia vyumba viwili karibu na zahanati, aje akae nao. Alikubali siku hiyo hiyo. Shida ilikuwa barabara. Mvua zikianza, kule hakupandiki mpaka zikatike.

"Nipe wiki tatu," Rula alimwambia alipolileta. Wiki ya tisa sasa ilikuwa inakwisha.

Jina la Rula alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuchomelea hata bawaba ya lango bila kupima mara tatu. Wenyewe walimcheka, lakini kazi zao zilizopinda walimletea yeye. Gari la dada yake walilitazama mara moja wakaguna. Magari ya aina ile watu waliyaita jipu, na Rula alisema jina limefaa kweli, maana kila alipolibonyeza lilitoa uchafu. Fremu ndiyo uti wa mgongo wa gari: mihimili miwili mirefu ya chuma iliyoshikwa pamoja na vyuma vya kukingama, injini na bodi na springi vyote vikiegemea hapo. Alipoing'oa bodi na kuiweka juu ya madramu, alikuta mtu fulani zamani aliziba matundu kwa bati la kuezekea, akapaka lami juu, mambo yakaisha. Chini ya lami kutu ilikuwa imekula ikashiba. Rula alikata kipande, akachomelea kipya. Akasogea shubiri moja, akakuta tundu jingine. Akakata. Akasogea. Kila usiku alilala akijua kesho anamaliza upande wa kushoto, na kila kesho upande wa kushoto ulimwonyesha ugonjwa mpya.

Siku ile ya nyundo kuzama, waligombana wakati wa chakula cha mchana. Waliishi pamoja nyumba ya nyuma ya karakana tangu mke wa Rula alipofariki, miaka minne iliyopita. Dada alikuja kwa arobaini akasahau kuondoka, ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe.

"Una miaka sitini na sita," Rula alisema. "Goti lako moja linalia kuliko hilo gari. Unakwenda kufanya nini huko juu?"

"Kuzalisha."

"Hakuna wakunga wengine duniani?"

"Wapo. Kule hawapo."

"Na ukiugua wewe?"

"Nitaugua. Hata hapa watu huugua." Akamwongezea mboga bila kuulizwa. "Mdogo wangu, mimi sikukuomba ushauri. Nilikuomba uchomelee. Kama kazi imekushinda, sema, nitafute fundi."

Maneno hayo yalimchoma. Kazi imekushinda, aambiwe yeye, na dada yake, na chakula kikiwa mdomoni. Akanawa mikono kabla hajashiba, akarudi karakana, akavaa kofia ya kuchomelea na kushusha kioo usoni.

Kila fundi anajua, na Rula alikuwa akiwafundisha wenzake, kwamba mhimili mrefu hauchomelewi kwa mkupuo. Unachoma kidogo hapa, unahamia kule, unaacha chuma kipoe, unapima, unarudi. Moto ukikaa mahali pamoja huvuta chuma kama mtu anavyovuta uzi kwenye nguo, na kikishapoa hakirudi kilikokuwa. Mchana ule hakuhama wala hakungoja. Alichomelea bamba refu la upande wa kushoto kutoka mbele hadi nyuma, kijiti baada ya kijiti, jasho likimwingia machoni, akijibizana na dada yake kichwani, na kichwani humo alikuwa anamshinda kwa kila hoja. Jua lilipoelekea kuzama alizima mashine. Mshono ulikuwa mzuri wa kutazama. Akalala bila kupima.

Asubuhi alichukua futi yake ya chuma akapima kona kwa kona, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Fremu iliyo sawa hutoa namba moja pande zote mbili. Hii ilitofautiana milimita kumi na saba. Akailaumu futi. Akaleta nyingine. Kumi na saba. Akafuta matundu kwa kitambaa, akaondoa vumbi, akapima tena huku anahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na saba.

Akashika winchi ya mnyororo, akaishusha bodi taratibu juu ya fremu aone. Matundu matano ya boliti yalikutana. La sita lilionekana nusu tu, kama mwezi mchanga. Akasukuma bodi kwa bega. Akaisukuma kwa wenzo. Akaipiga teke, ikamuumiza kidole, naye akakaa chini sakafuni amekishika, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, akiwa karibu kulia.

Akiwa pale chini, likamjia wazo lililokuwa jepesi mno. Amwambie dada kwamba gari limekufa, fremu imeoza kupita kiasi, imepinda yenyewe kwa uzee. Dada hajui chuma, ataamini. Mvua zitaanza, barabara itakatika, na mwakani nani ajuaye. Atabaki. Asubuhi kutakuwa na mtu wa kumwuliza amelalaje.

Alipolitazama wazo hilo vizuri, aligundua halikuwa geni. Wiki zote tisa, kila nyundo ilipozama, alikasirika kweli, alilaani kutu kweli, lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, kitulivu, kilichosema: wiki moja zaidi. Aliona haya, peke yake, kana kwamba kuna mtu aliyemkuta anaiba.

Dada akaja na chai. Akaweka kikombe juu ya benchi, akatazama bodi iliyokaa upande kama kofia ya mlevi.

"Imeingia?"

Rula akafungua mdomo. Neno "limekufa" lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Nimeipinda," akasema. "Jana. Nilichomelea kwa hasira, moto umevuta upande mzima. Sio kutu, ni mimi."

Dada akainama kulitazama tundu la sita.

"Na si hivyo tu." Akawa anaongea na futi iliyokuwa mkononi. "Hizi wiki zote nimekuwa sitaki iishe. Nilikuwa napata kutu, nasema afadhali. Sasa hivi nilitaka kukudanganya kwamba gari haliponi tena, ubaki."

Rula alisubiri afokewe. Angefokewa ingekuwa nafuu.

"Ungenidanganya ningepanda lori la mawe," dada akasema mwishowe. "Nimeshaongea na dereva tangu wiki ya tano. Nilikuwa nakungoja wewe tu, nisikuvunje moyo."

"Wiki ya tano?"

"Unadhani sikuoni? Nimekulea mgongoni. Ulikuwa ukificha viatu vyangu nisiende shule." Akakaa kwenye kiti chake, akamtazama, na uso wake haukuwa na utani. "Lakini nimekasirika. Jua hivyo. Kule kuna msichana mwenye mimba ya miezi minane ambaye angeshaona uso wangu mara mbili. Wiki zake umezila wewe."

Rula alikunywa chai ikiwa imepoa, akainyanyua bodi tena kwa winchi, akawasha grainda na kuanza kuukata mshono wake mzuri, wote, kutoka nyuma hadi mbele. Cheche zilimrukia kifuani. Dada aliondoka, akarudi amejifunga kanga ya zamani na amevaa miwani yake ya kusomea.

"Nishike nini?"

"Ncha ya futi. Usiilegeze."

"Mimi nimepima matumbo miaka thelathini na sita. Usinifundishe kushika futi."

Wakafanya kazi siku kumi na mbili. Hazikuwa siku nzuri. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya mshono. Kibano kimoja kilichokuwa kikiuvuta mhimili kiliteleza, nao ukaruka nyuma milimita zote walizokuwa wamezipata asubuhi nzima, na Rula akakitupa ukutani. Dada alikiokota, akakirudisha mahali pake, akasema wanawake wake huwatukana wanaume wote wa ukoo wakati wa uchungu na bado mtoto hutoka. Rula alichoma inchi mbili, akahamia upande wa pili, wakangoja, wakapima, dada akasoma namba kwa sauti ya zahanati, isiyobembeleza mtu. Kumi na moja. Tisa. Kumi tena. Sita. Rula alipokosea kwa haraka, dada alisema "Ngoja," naye akangoja, ingawa kungoja kulimtesa kuliko moto.

Siku ya kumi na mbili tofauti ilibaki milimita mbili, na kwa gari la umri ule hizo si kitu. Boliti ya sita iliingia kwa kugongwa kidogo. Walipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, mikono yao ikawa myeusi hadi kwenye viwiko, na hapakuwa na sherehe. Dada alipakia godoro, sanduku lake la kazi na gunia la mkaa. Aliondoka alfajiri, mawingu yakiwa yamekwisha kukaa mlimani. Wakiwa wanaagana alimwambia maharage yako kwenye friji, ayale kabla hayajachacha.

Mvua zilianza siku mbili baadaye. Rula alikuwa analichomelea lango la jirani, na alikuwa amemkaripia jirani huyo mara mbili bila sababu, simu ilipolia.

"Msichana amejifungua jana," dada akasema. "Wa kike. Nilimkuta uchungu umeshaanza, hajawahi kuniona hata siku moja, ananing'ang'ania kama mama yake."

"Alhamdulillahi."

"Na gari lako linavuta kushoto."

"Haliwezi kuvuta kushoto. Milimita mbili hazivuti gari. Umeangalia upepo wa matairi?"

"Nimeangalia. Linavuta. Nikiachia usukani kidogo tu linakwenda mtaroni."

"Usiachie usukani, dada. Nani anaachia usukani mlimani?"

Wakabishana hivyo kwa muda mrefu, yeye akitaja springi na matairi na udereva wake mbaya, dada akirudia kwamba linavuta, linavuta, aje alione kwa macho yake barabara ikikauka. Jirani alisimama pembeni ya lango lake akisubiri, akaangalia saa. Rula akampa mgongo, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akamwambia dada alieleze vizuri, tangu mwanzo, linavuta kwa mwendo gani.