Damu Haifuliwi kwa Maji ya Moto

Nimekuwa dobi wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo nimekuwa msomaji wa riwaya. Mambo hayo mawili hayajawahi kugombana. Mashine ikishaanza kuzunguka unapata dakika arobaini za kukaa kwenye kiti karibu na mlango, na dakika arobaini ni sura mbili nzima, kama mwandishi si mtu wa kuzungukazunguka.

Vitabu naazima maktaba. Mkutubi wa hapo ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na ndiye pia anayetoa jarida la maktaba, karatasi mbili zilizobanwa pini kila mwezi. Siku moja nilikuwa narudisha vitabu, akaniambia, "Wifi, kila ukija hapa unanimalizia saa nzima ukimsema mwandishi wa watu. Si uandike? Nina safu ya maoni ya wasomaji, imekaa kama kiti cha mgonjwa, hakuna anayetaka kuikalia."

Nikaandika. Riwaya tatu mpya, nilizokuwa nimezimaliza mfululizo.

Ya kwanza ilikuwa ya familia ya kitajiri. Nilisema humo watu wazima kumi na mmoja wanalia kurasa mia nne na hakuna hata mmoja anayeamka kwenda kazini, ila mashati yao yamenyooka kila asubuhi. Nani kayapiga pasi? Mwandishi hataki tujue. Ya pili niliipenda mno. Ndugu wawili wanagombea karakana ya useremala aliyoacha baba yao. Aliyeiandika anajua kwamba ndugu wakikosana hawahutubiani. Wanaanza kufichana patasi. Ukurasa wa mwisho ulinitoa machozi, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Ya tatu ndiyo iliyonichafua roho. Ilikuwa imepata tuzo, na kila mtu alikuwa akiisifu. Kisa kinatokea hospitalini, na dobi yumo. Ni mama mnene anayenuka sabuni. Hasemi neno hata moja mpaka ukurasa wa mia mbili na tisini, ambapo anakuta pete ya marehemu ndani ya foronya, anaitia kifuani, kisha anafua mashuka ya damu kwa maji yanayochemka mpaka yanatoka meupe pe, "kama dhamiri isiyojua kusoma." Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Dhamiri isiyojua kusoma! Nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo niliandika bila kumumunya maneno. Nikasema yeyote aliyewahi kuosha hata kitambaa cha kidole kilichokatwa anajua damu huanza kwa maji baridi. Ukiitia ya moto inaganda kwenye uzi na haitoki mpaka shuka linachanika. Nikasema sisi tuna sanduku la vitu vilivyosahaulika: miwani, meno bandia, hirizi, pete. Mwaka jana mwenzangu mmoja alikuta pete ya ndoa kwenye foronya, akapanda nayo ghorofa tatu na goti lake bovu, akaiweka mkononi mwa mjane. Nikamalizia: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini angalau gonga mlango uulize.

Jarida likatoka Jumatatu. Sikupata nafasi ya kulipitia. Jumatano nilipoingia kazini nikamkuta Bi Pasi amesimama mbele ya mtambo wa kunyooshea mashuka, mikono kiunoni. Huyo ndiye mkubwa wetu pale, na ndiye mwenye goti.

"Ulijiona?" akaniuliza.

"Nilijiona wapi, dada?"

Akanitupia jarida. Maoni yangu ya riwaya ya kwanza yalikuwepo, yamepunguzwa. Ya pili yalikuwa mstari mmoja. Na ya tatu, chini ya jina langu, yalisema hivi: "Riwaya inayogusa moyo. Mimi kama dobi wa hospitali nilijiona humo. Kila mfanyakazi mwenzangu aisome."

"Nimeisoma," akasema Bi Pasi. "Nimekaa nayo siku mbili kwa sababu wewe umesema. Mwanangu kanisomea sehemu zenye maandishi madogo. Mpaka tukafika kwenye pete." Akajipapasa goti. "Mwanangu akauliza, 'Mama, huyu rafiki yako anawaona ninyi hivi?'"

Nikamwambia si maneno yangu, nimelishwa. Akashika ncha ya shuka, akaanza kulisukuma kwenye mtambo. Siku nzima hakusema nami tena.

Nilipotoka sikupita nyumbani. Nilikwenda maktaba na aproni yangu vilevile.

"Nani kaandika haya?" nikauliza.

Wifi akatazama huku na huku. "Punguza sauti, wifi, watu wanasoma."

"Waache wasome. Wanasoma uongo wako!"

"Nilirekebisha kidogo tu. Mwandishi anakuja Jumamosi. Wachapishaji wametuletea nakala hamsini za bure. Ningemkaribisha mgeni na matusi?"

"Kama yalikuwa makali, ungeacha kuyachapa. Ungeniambia, wifi, haya siyatoi, tungegombana yakaisha. Lakini umechukua jina langu ukalivisha mdomo wako!"

"Yote haya kwa sababu ya maji ya moto na baridi?"

"Kwa sababu umewaambia watu ninaofanya nao kazi kwamba mimi nawaona wezi!"

Hapo akaanza kupanga nakala zilizokuwa mezani. Lakini hakusema samahani. Alisema, "Toleo lijalo tutaona," kwa sauti ile ya ofisini inayomaanisha hutaona kitu.

Nyumbani mume wangu alijaribu kupatanisha, hakufua dafu. "Ni dada yangu," akasema, "na wewe ni mke wangu. Mnataka nipasuke katikati?"

"Pasuka," nikamwambia, "ila Jumamosi nitakwenda."

Nikaenda. Ukumbi wa maktaba ulijaa. Mwandishi alikuwa kijana mpole, skafu shingoni, sauti laini. Ningemkuta kwingine ningempenda. Alisoma kipande, wakapiga makofi. Wifi akauliza kama kuna maswali, huku macho yake yakiruka kiti changu. Nikasimama bila kupewa ruhusa.

"Mimi ndiye dobi aliyeandikwa kwenye jarida kwamba alijiona," nikasema. "Sikujiona. Maneno yale si yangu." Nikamweleza habari za damu na maji. Nikamweleza habari za pete na ngazi.

Akatabasamu. "Mama, ninakushukuru. Lakini ile ni sitiari."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumlinda mgeni.

"Sawa, ni sitiari," nikasema. "Na sitiari yako inafuliwa na nani? Damu ukiitia maji ya moto haitoki, inaganda hapohapo milele. Mtu anayetaka kuficha dhambi akiharakisha, anaigandisha. Hiyo ndiyo sitiari ningekupa, tena bure, kama ungekuja kutuuliza. Tuko ghorofa ya chini, mlango haufungwi."

Hakuna aliyecheka. Kijana akaandika kitu kwenye kitabu chake. Mpaka leo sijui aliandika nini. Labda aliandika kwamba kuna mama mmoja mkorofi.

Wifi hakunisemesha wiki tatu. Halafu jarida jipya likatoka, na maoni yangu yote matatu yalikuwemo, neno kwa neno, hata kosa langu la tahajia hakuligusa. Chini yake akaongeza: "Maoni haya si msimamo wa maktaba." Sikulalamika, msimamo wa maktaba sikuuomba.

Nikabeba nakala mpaka kazini, nikamkabidhi Bi Pasi. Alikaa juu ya gunia la mashuka akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza akauliza, "Mjane yule ulimtaja kwa nini? Yake ni yake." Nikasema sikufikiria. "Na wewe hukuuliza," akasema. Nikamwomba radhi, naye akainuka kushusha mzigo wa wodi ya watoto, nikashika upande wa pili.

Na wifi? Tunasalimiana. Juzi alinitumia mume wangu na riwaya mpya kwenye mfuko, na kikaratasi: "Hii ukiichukia niambie mimi kwanza." Nimefika sura ya sita. Kuna mpishi humo, na mpaka sasa hajasema neno. Hasira zimeanza kunipanda.