Maringo ya Mpambe

Fundi alikuwa anapinda gauni la mteja pale kicheko cha wifi yake kilipopanda kutoka chumba cha chini. Akajidunga sindano. Alijua wifi anachekeshwa na nani: Mpambe, mbwa wake mwenyewe, jike lililopewa jina hilo kwa kumwandama Fundi miaka yote, hata mlangoni mwa choo. Sasa Mpambe hakanyagi ghorofani. Analala kwa wifi, utadhani kazaliwa huko.

Fundi akatupa gauni, akashuka.

"Wifi, mbwa wangu unamlisha limbwata?"

"Limbwata nilimalizie kwa mbwa, na mume wangu yupo?" Wifi akacheka. "Muulize mwenyewe kilichomkimbiza."

Mpambe aliinuka kwa kujivuta, mbele kwanza, kisha nyuma, akaja akiyumbisha kiuno.

"Mwone anavyoniringia!" Fundi alisema.

"Ndiyo mwendo wake kila akiamka. Akizungukazunguka, maringo yanapungua."

Fundi akamkazia mbwa macho. Maringo gani hayo ya kuamka tu?

Akaenda kwenye ngazi, akamwita. Mpambe akatikisa mkia, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akaurudisha. Akaweka tena, akaurudisha. Akabaki kumtazama.

Fundi akachuchumaa, akampapasa kama anayempima nguo. Paja moja lilikuwa limesinyaa kuliko lenzake. Alipogusa nyonga, Mpambe aligeuza shingo ghafla. Hakuuma, akapalamba pale palipoguswa.

"Haringi huyu," Fundi alisema polepole. "Anaumwa viungo."

"Kama mama na magoti yake! Nami nilidhani umemgombeza." Wifi akaacha kucheka. "Kesho tumpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Tumpeleke. Na ngazi haziwezi, basi alale kwako." Maneno yalimtoka machungu kama shubiri. "Ila godoro nashona mimi."

"Nina shuka zuri, wifi."

"Kaa nalo."

Akapanda, akachagua gauni lake kuukuu la kushonea godoro, lile ambalo halijafuliwa, ili Mpambe akilala anuse nani ni nani. Alipomaliza pande tatu, sponji ya kujazia ikawa haitoshi. Akachomeka sindano kwenye upande uliobaki wazi. Vipande vingine atatafuta kesho.

Chini, wifi alikuwa anambembeleza mbwa kwa sauti ya kitoto. Fundi akafunga dirisha.