Mkanda wa Mwanaima

Baada ya swala ya alfajiri, Mwanaima aliketi barazani kwake Likunja kwenye kiti cha plastiki, miguu chini, mdomo kimya, kama nesi wa zahanati alivyomwelekeza. Alizungusha mkanda wa kipimo cha presha kwenye mkono wa kushoto, akabonyeza. Mkanda ukajaa upepo. Kule Nachingwea, mumewe Harithi, aliyekuwa akinywa chai kwa mke mdogo, akabanwa mkono wa kushoto mpaka kikombe kikamponyoka.

Akapiga simu.

"Mama Faudhia, unapima saa hizi?"

"Napima. Nesi kasema kila asubuhi."

"Basi uwe unasubiri nimalize chai."

Mwanaima akakubali. Alikuwa mke msikivu, na huo usikivu ndio uliomponza miaka yote.

Zena, mke mdogo, hakuwa na neno. Kila asubuhi alimwekea mumewe kiti, akawafukuza kuku ili mke mwenzake apime kwa utulivu. Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu ulimwachia Harithi alama nyekundu juu ya kiwiko. Presha ikiwa juu mkanda hukawia kuachia, kwa hiyo alijua hali ya mkewe bila kuona namba.

Nesi alikuwa ameonya jambo jingine: Mwanaima asiokote korosho peke yake juani, atakuja kuanguka. Korosho nazo zilikuwa zikidondoka, na Harithi hakuwa amelala Likunja tangu wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa.

"Baba Faudhia, zamu yangu lini?" Mwanaima aliuliza.

"Zamu gani tena? Si tupo wote kila asubuhi? Ukibanwa, nabanwa."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloudhi.

Msimu ulipokolea, asubuhi moja mkanda ulibana mpaka vidole vya Harithi vikafa ganzi. Ukalegea kidogo, ukabana tena.

"Vipi leo?" Zena akauliza.

"Imepanda sana. Maskini, yule mwanamke hapumziki."

Akanyoosha mkono wa kulia, akapokea chai.

Huko Likunja, Mwanaima alifungua mkanda taratibu, asije akamuumiza mumewe. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuokota korosho.