Mfuko wa Kulia

Miezi saba nimekwenda kituo cha polisi mpaka viatu vimelika soli. Mwanangu alikamatwa kwenye maandamano, mchana kweupe, akiwa amevaa koti nililomshonea mwenyewe. Wao wananiambia, "Mama, huyo hatumjui. Labda kakimbilia kwa mchumba." Hata karatasi ya kuonyesha kwamba nimeripoti wamenikatalia.

Jana aliingia dukani mteja mgeni, pingu zikining'inia kiunoni, akatupa koti juu ya cherehani yangu.

"Fundi, aliyeshona hili alikuwa amesinzia? Mfuko wa ndani kauweka kulia. Nihamishie kushoto."

Mwanangu hutumia mkono wa kushoto. Ndiyo maana niliuweka kulia.

Nilitamani kumrukia kooni. Badala yake nikamsogezea daftari la kazi, kama ninavyomfanyia kila mteja. Akaandika jina, simu, koti moja la kijivu, akatia sahihi.

"Njoo kesho, baba," nikamwambia.

Alipotoka nilifunga duka, nikabeba daftari na koti kumpelekea wakili. Miezi saba wameninyima hata mstari mmoja, na sasa ninao.

Njiani nililinusa lile koti. Lilinuka jasho la mtu mwingine.