Finjani Iliyowekwa Chini

"Kaa," Baba Khalifa alisema. "Leo atamimina mwingine."

Miaka tisa Gerishon alikuwa amewamiminia wageni kahawa katika baraza hii ya Al Rayyan, birika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na hakuna siku aliyoambiwa akae. Alikaa. Asubuhi ile alikuwa amepewa funguo za nyumba na madaraka juu ya wafanyakazi kumi na mmoja. Sasa tajiri wake, mpenda vitabu vya kale, aliwasimulia wageni habari za mtumwa wa Kihabeshi aliyeuzwa mara tatu, akaishia kuwa waziri wa mfalme huko Bara Hindi.

"Na huyu ndiye waziri wangu," akamalizia. Wageni wakacheka kwa wema.

Waziri! Waziri gani huyo, pasipoti yake imefungiwa kwenye sefu ya mtu? Gerishon alikuwa amechoka, ule uchovu wa mifupa usioisha hata ulale Ijumaa nzima.

Finjani ikawekwa mbele yake. Akamkumbuka Jeptoo, yaya wa watoto, aliyemshika mkono jikoni mchana ule, macho yamevimba.

"Kaka, mama anazikwa Jumamosi. Nimeomba kibali cha kutoka nchini mara mbili, naambiwa ngoja Ramadhani ipite. Sasa wewe ni mkubwa. Si uniongelee?"

"Nitaona," alimjibu, jibu la wakubwa wote.

Desturi ya baraza aliijua. Mgeni mwenye haja huiweka finjani chini bila kuionja, na mwenye nyumba huona aibu kahawa yake ikipoa mbele za watu, hivyo humkubalia kabla hata hajaisikia haja yenyewe. Lakini hiyo ni desturi ya masheikh. Mtumishi akithubutu, atathubutu mara moja tu. Na Gerishon hakuwa amemwona mkewe, aliyemwacha nyumbani Machakos, tangu 2009. Mara hiyo moja, kama ingekuja, alikuwa ameitunza kwa safari yake mwenyewe.

Akaiweka chini.

Baba Khalifa akaitazama finjani.

"Kunywa, Gerishon."

"Nina haja, Baba."

"Unaniaibisha," Baba Khalifa alinong'ona, masikio yamemwiva. Kisha kwa sauti ya kusikika na wote: "Umepata. Kunywa. Haya, sema."

Jina la Machakos lilimfika ulimini. Mungu wangu, lilimfika kabisa.

"Jeptoo akamzike mama yake," alisema, akainywa kahawa yote.

Kesho yake funguo alikuwa nazo Maurice, dereva wa pili, na Gerishon akarudi kusimama na birika. Hakuna aliyemgombeza. Hakuna aliyemsemesha pia.

Alhamisi adhuhuri alimpeleka Jeptoo uwanja wa ndege.

"Na wewe kaka, utakuja lini?"

"Karibuni tu."

"Nikuambie ukweli, mimi sirudi."

"Najua. Nenda, usichelewe."

Alipunga mkono. Milango ya vioo ikajifunga, akaendelea kupunga, mpaka askari akaja kumwambia aondoe gari.